Ulimwengu wa Mchezo ni wa Nani? Mivutano kati ya Mashabiki Wachapishaji na Wamiliki Rasmi

Mtu anayecheza kwa miaka mingi katika ulimwengu wa kubuni, akaijua milima yake, miungu yake na vita vyake, hufika mahali akatamani kuongeza chake. Huandika historia ya kijiji ambacho mtunzi alikitaja kwa mstari mmoja tu, huchora ramani ya nchi iliyoachwa tupu, kisha huchapa na kuwauzia wenzake kwa bei ya kurudisha gharama za karatasi. Katika michezo ya kuigiza wahusika (role-playing games), ambayo wachezaji huicheza mezani kila mmoja akiigiza mhusika wake katika hadithi wanayoitunga pamoja, jambo hili si la pembeni hata kidogo, kwa sababu mchezo wenyewe humtaka kila mchezaji awe mtunzi. Ndiyo maana mivutano kati ya mashabiki wanaochapisha na wamiliki rasmi huwa na uchungu wa pekee: kila upande unaamini kwa dhati kwamba ndio ulioufanya ulimwengu huo uwe hai.

Mfano wenye mafunzo mengi ni Glorantha, ulimwengu ambao Mmarekani Greg Stafford alianza kuubuni mwaka 1966. Uliingia katika mchezo wa vita wa mezani mwaka 1975, na mwaka 1978 ukawa makao ya RuneQuest, mchezo uliochapishwa na kampuni yake ya Chaosium. Katikati ya miaka ya 1980 uchapishaji wa RuneQuest ulihamia kampuni ya Avalon Hill, na baadaye kukawa na vipindi virefu ambapo vitabu vipya rasmi kuhusu Glorantha vilikuwa haba. Pengo hilo lilizibwa na mashabiki, wakiwemo waanzilishi wa jarida la Tales of the Reaching Moon lililoanza kutoka Uingereza mwaka 1989. Stafford hakuwafukuza, alishirikiana nao na kuhudhuria mikutano yao. Hata hivyo aliendelea kubuni, na kila alipotoa jambo jipya aliweza kupindua yale ambayo wengine walikuwa wameyajenga kwa miaka. Wapenzi wa Glorantha walilizoea pigo hilo kiasi cha kulibandika jina lililotokana na jina la kwanza la Stafford, Greg, na pamoja nalo wakashika kauli kwamba Glorantha ya kila mtu itatofautiana na ya mwingine.

Hapa ndipo mamlaka mbili zinapochanganywa. Moja ni mamlaka ya kusema lililo kweli ndani ya hadithi: nani alimuua mfalme gani, mungu yupi alitangulia. Hii haina mahakama. Mmiliki akitangaza toleo lake, kila meza hubaki huru kucheza la kwake. Nyingine ni mamlaka ya kisheria ya kuruhusu au kuzuia uchapishaji, na hii haijali ni nani anayeujua ulimwengu huo vizuri zaidi. Shabiki anayeweza kumsahihisha mtunzi kuhusu jambo ambalo mtunzi mwenyewe amelisahau hapati kwa ujuzi huo haki yoyote ya kuchapisha.

Kanuni za mchezo kama mbinu tupu, mathalani namna ya kurusha dadu na kuhesabu matokeo, kwa kawaida hazilindwi na hakimiliki. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwishatenganisha mbinu na maelezo yake tangu mwaka 1879, katika kesi ya Baker dhidi ya Selden. Yanayolindwa ni maandishi, michoro, ramani na wahusika walioelezwa kwa kina, na mtunzi ndiye mwenye haki ya kuruhusu kazi nyingine itokane na hizo. Anayejenga bila ruhusa hujiweka pabaya mara mbili. Mwaka 1989, katika kesi ya Anderson dhidi ya Stallone, mahakama ya shirikisho huko California iliamua kwamba mwandishi aliyetumia wahusika wa filamu za Rocky bila ruhusa hakuwa na hakimiliki hata katika andiko lake mwenyewe. Kugawa kazi bure hakuibadilishi hali hiyo, ingawa hupunguza uwezekano wa kushtakiwa. Ukimya wa mmiliki nao ni uvumilivu tu, na uvumilivu unaweza kukoma siku kampuni inapopata mmiliki mpya.

Kwa hiyo naamini kwamba chanzo kikuu cha ugomvi ni ruhusa iliyoachwa bila kuandikwa, au iliyoandikwa kisha ikataka kubadilishwa. Kampuni ya Wizards of the Coast, mmiliki wa mchezo maarufu wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons, ilitoa mwaka 2000 leseni huria, yaani ruhusa ya maandishi kwa wengine kutumia kanuni zake, na wachapishaji wengi wakajenga biashara zao juu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2023 rasimu ya leseni mpya ilivuja, ikiwataka wale ambao mapato yao yalizidi dola 750,000 kwa mwaka walipe mrabaha. Hasira iliyozuka ilikuwa kubwa hata kampuni ikarudi nyuma mwezi huohuo, na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu umma kutumia kazi kwa uhuru na isiyoweza kubatilishwa. Wamiliki wasilisahau tukio hilo: ahadi ambayo wengine wameishi juu yake hairudishwi mkononi kwa urahisi.

Njia ya kati imepatikana katika maduka rasmi ya mtandaoni ya kazi za mashabiki, kama DMs Guild la mchezo wa Wizards of the Coast lililofunguliwa mwaka 2016 na Jonstown Compendium la Glorantha lililofuata mwaka 2019. Mwandishi huruhusiwa kutumia ulimwengu wa mmiliki na kuuza, akipata sehemu ya mapato. Gharama yake ni kwamba kazi hiyo kwa kawaida haiwezi kuuzwa mahali pengine, na masharti huweza kuruhusu wengine waliomo katika mpango huo watumie alichobuni. Mwenye mhusika anayempenda mno, ambaye angependa siku moja ampeleke katika riwaya yake mwenyewe, asimweke humo.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara. Jarida la mashabiki nalo huwa na wamiliki wake wadogo: aliyeandika makala, aliyechora jalada, aliyetengeneza ramani. Mhariri anayekusanya kazi za marafiki kwa maneno ya mdomo hugundua baada ya miaka kumi kwamba hawezi kuzichapa upya, kwa kuwa mmoja amehama, mwingine amefariki na warithi wake hawajulikani. Karatasi ya ukurasa mmoja, inayotaja kazi, matumizi yanayoruhusiwa, muda na malipo, itiwe saini kabla ya toleo la kwanza kwenda mtamboni, hata pale ambapo malipo ni nakala mbili za jarida lenyewe.