Video za muziki hazikuanza 1981

Wengi wanaamini video za muziki zilianza Agosti 1981, pale MTV, chaneli ya kebo ya Marekani, ilipoanza kurusha muziki saa 24, na kwamba "Video Killed the Radio Star", klipu ya Waingereza The Buggles iliyofungua matangazo, ndo video ya kwanza duniani. Inaeleweka, stori inasimuliwa hivyo kila mahali.

Ila klipu yenyewe ilitengenezwa 1979. Na ukirudi nyuma zaidi, miaka ya 40 baa za Marekani zilikuwa na mashine za kuonyesha Soundies, unatumbukiza senti 10 unaangalia filamu ya wimbo mmoja, tena huchagui, unaletewa inayofuata kwenye mkanda basi. Miaka ya 60 Ufaransa wakaja na mashine yao, Scopitone, hiyo ina rangi na wimbo unachagua mwenyewe (raha tupu).

Sasa mbona chaneli ile ilijaa wale wa new wave (mtindo wa pop na rock wa wakati huo) wenye nywele za ajabu na sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme? Ni kwamba Waingereza walishazoea kurekodi klipu za promo, Wamarekani walikuwa nazo chache, so ikapigwa iliyokuwepo.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, tarehe ya kupandishwa mtandaoni achana nayo. Tafuta mwaka klipu iliporekodiwa, halafu siku iliporushwa kwenye chaneli fulani, magazeti ya zamani yaliyoskaniwa yanasaidia sana hapo, maana "ya kwanza kupigwa" na "ya kwanza kutengenezwa" ni vitu viwili tofauti kabisa.