Je, harufu ya lozi chungu ndiyo sumu yenyewe?

Mimi kwa miaka niliamini ndiyo. Manake kwenye hadithi za upelelezi jamaa ananusa kikombe, anasema "lozi chungu", yaani ni sumu ya sianidi, kesi imekwisha. Siku moja hapa Lamu nikamkuta bibi anatia arki ya lozi kwenye keki ya Idi nikamkataza, akaniangalia tu, akaendelea kukoroga. Bibi ndiye aliyekuwa sawa.

Ile harufu ni benzaldehidi. Sumu ni sianidi ya hidrojeni, kitu kingine kabisa, ni vile tu wamezaliwa pacha. Sianidi nayo inanukia hivyo kwa mbali lakini kuna watu wengi wamezaliwa na pua zisizoisikia, kwa hivyo ukikosa harufu usijione umesalimika, na ukiipata pia si lazima ukimbie.

Wanazaliwaje? Chukua tambuu. Popoo si nyekundu, chokaa nyeupe, jani kijani, viweke sahanini mpaka kesho vitabaki vile vile, lakini tia mdomoni utafune uone mate yanavyokuwa mekundu. Lozi chungu ndio hivyo hivyo: amigdalini (kemikali iliyomo ndani ya lozi chungu) iko chumba chake, kimeng'enya (protini inayokatakata kemikali) nacho kiko chumba chake, ukiponda na maji ukuta unaanguka, kimeng'enya kinaikatakata amigdalini, zinatoka sukari, benzaldehidi na sianidi. Muhogo mchungu una mtambo kama huo, ila kule pacha wa sianidi ni asetoni (ile ya kuondolea rangi ya kucha), ndio maana haunukii keki.

Sasa mafuta. Ya kupaka nywele ni ya lozi tamu, yamekamuliwa tu, hayana neno. Ya lozi chungu lozi inapondwa, inalowekwa, inapitishwa mvuke, na yakitoka mabichi huwa na sianidi kama asilimia 2 hadi 4. Hayo ni hatari kweli. Njia ya zamani ya kuyasafisha ni kuyatibu kwa chumvi ya chuma na chokaa (chokaa tena!), halafu yanachemshwa kwa mvuke upya. Arki nyingi ya madukani siku hizi hata lozi haijaiona, benzaldehidi yake inatengenezwa kwa toluini, kemikali itokanayo na mafuta ya petroli.

Lozi chungu ngapi zinaua? Hapo hakuna hesabu moja, uchungu hutofautiana mti kwa mti na uzito wa mlaji nao una lake. Ulaya kikomo chao cha usalama (si cha kuua) kwa mlo mmoja ni mikrogramu 20 za sianidi kwa kila kilo ya mwili, na kwa mtoto mdogo lozi moja tu inaweza kukipita.