Gogo Bichi la Kuchonga Litunzwe Tangu Siku Linapokatwa

Kinyago kikipasuka, lawama huangukia aina ya mti. Mara nyingi mti hauna kosa. Gogo liliachwa juani likiwa na ncha wazi, na nyufa zikaanza kabla patasi haijaligusa.

Maji ya mti mbichi yamo ndani ya matundu ya seli na ndani ya kuta za seli hizo. Yaliyomo kwenye matundu hutoka kwanza, na mti haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kuta nazo huanza kukauka, na hapo ndipo mti husinyaa. Tatizo ni kwamba hausinyai sawasawa. Kwa urefu husinyaa kidogo mno, lakini kufuata mviringo wa gogo husinyaa karibu mara mbili ya kutoka kiini kwenda gome. Mvutano huo usipopata nafasi, gogo hupasuka. Kwa hiyo tunasisitiza lipasuliwe mapema kwa urefu, kupitia kiini, na kiini chenyewe kiondolewe iwapo kazi inaruhusu.

Ncha ndizo hupoteza maji upesi kuliko ubavu, kwa kuwa maji husafiri kwa urahisi kufuata nyuzi. Zipake nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta siku ileile ya kukata. Kama zimeshaanza kuchanika, kata sehemu hiyo kwanza. Kisha panga vipande juu ya fito, mbali na ardhi, kivulini penye upepo. Jua kali na moto havifai, kwani hukausha nje upesi huku ndani kungali na maji.

Kadirio la zamani ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, ingawa aina ya mti na hali ya hewa hubadilisha sana. Mizani ni ya kuaminika zaidi: pima kila wiki, andika uzito juu ya kipande chenyewe, hadi uzito uache kupungua.

Kwa bakuli, usingoje. Chonga likiwa bichi, maana mti mbichi ni laini kwa patasi, ukiacha ukuta mnene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 30 libaki na ukuta wa sentimita 3. Litie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake ili likauke polepole, ukague kama kuna ukungu. Litapinda kiasi, na unene huo ndio utakaokuwezesha kulichonga tena liwe sawa uzito ukiacha kupungua.