Marcus Wallenberg na nguvu ya kura

Kazi yangu ni kuchambua umiliki wa makampuni, na somo la hisa silimalizi bila kumtaja Marcus Wallenberg wa Sweden (1899–1982). Wengi humsifu kwa utajiri. Kinachonivutia mimi ni namna alivyoshika usukani wa makampuni ambayo sehemu kubwa ya mtaji wake ilikuwa ya watu wengine.

Babu yake, André Oscar, alianzisha Stockholms Enskilda Bank mwaka 1856. Marcus, aliyewahi kucheza tenisi Wimbledon, aliiongoza kuanzia 1946 hadi 1958.

Tuchukue Ericsson, kampuni ya simu ya Sweden. Machi 1932 Ivar Kreuger, tajiri wa viberiti, alifariki Paris na himaya yake ikazama kwenye madeni. Hisa nyingi za Ericsson alikuwa ameshaziweka mikononi mwa ITT, kampuni ya simu ya Marekani. Kina Wallenberg wakajipenyeza kwenye umiliki, wakavuta subira, na mwaka 1960 wakazinunua hisa za ITT. Subira ya miaka 28!

Uzito wote ulikuwa kwenye aina za hisa za Ericsson. Hisa A ilikuwa na kura moja. Hisa B ilikuwa na sehemu moja ya elfu ya kura. Mwenye hisa 1,000 za B akifika mkutano mkuu, sauti yake ililingana na ya mwenye hisa moja tu ya A. Ukikusanya A za kutosha unaamua bodi ikae nani, na bodi ndiyo humteua mkurugenzi mkuu.

Familia ilizishika hisa hizo kupitia makampuni ya uwekezaji, hasa Investor, iliyoundwa 1916 baada ya sheria kuzibana benki zisimiliki hisa. Nyuma yake ulisimama wakfu wa Knut na Alice Wallenberg, wa mwaka 1917. Mali ya wakfu hairithiwi wala watoto hawaigombanii, na mapato yake hugharamia utafiti wa kisayansi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Lakini familia yenyewe iliumia. Marcus alitaka benki yao iungane na Skandinaviska Banken. Kaka yake Jacob akakataa katakata. Novemba 1971 Marc, mwana wa Marcus na mkurugenzi wa benki ya familia, alijitoa uhai. Muungano ulikamilika 1972, ikazaliwa benki ya SEB.

Mfumo wa kura siutetei wote. Wakfu unaolea kampuni kwa vizazi ni jambo jema, ila kumpa mwanahisa sehemu ya elfu ya kura ni kumnyima haki yake. Ericsson ilirekebisha hilo mwaka 2004, hisa B ikapewa sehemu ya kumi. Walichelewa sana.