Ukaguzi wa uhakikisho wa ubora shambani: maana yake, na kwa nini uliwachosha wakulima wakati wa janga

Uhakikisho wa ubora ni kazi ya kuthibitisha kwamba njia iliyotumika kuzalisha chakula ni salama, kabla chakula chenyewe hakijamfikia mlaji. Neno la kushikilia hapo ni njia. Anayepeleka nyanya maabara kupima mabaki ya viuatilifu anafanya udhibiti wa ubora: anaangalia kitu kilichokwisha kuvunwa, kinachofaa kipite, kisichofaa kitupwe. Anayehakikisha ubora anaanzia mbali zaidi. Anauliza nani alipiga dawa, lini, kwa kipimo gani, zilipita siku ngapi kabla ya kuvuna, maji ya kuoshea yalitoka wapi, na kama wavunaji walikuwa na mahali pa kunawia mikono.

Sababu ya kurudi nyuma namna hiyo si ngumu kuielewa. Nyanya iliyosagwa maabara hailiwi tena, kwa hiyo haiwezekani kuzipima zote. Tena vijidudu havijigawi sawasawa: kreti moja inaweza kuwa navyo na ya jirani isiwe navyo, zote zikiwa zimetoka shamba moja asubuhi moja. Sampuli safi haimaanishi mzigo mzima ni safi. Kinachobaki ni kuiamini njia, na ili njia iaminike lazima awepo mtu wa kuja kuiona.

Mtu huyo ni mkaguzi, na hapa maneno huchanganywa sana. Shirika la uthibitishaji ndilo humtuma mkaguzi na kumpa mkulima cheti. Shirika hilo nalo huchunguzwa na chombo kingine, kinacholipatia ithibati, yaani kinachothibitisha kwamba lina ujuzi na haliegemei upande. Kwa hiyo mkulima hupata cheti. Ithibati ni ya wanaomkagua. Mkaguzi wa serikali ni mtu mwingine kabisa: yeye anasimamia sheria na ana mamlaka ya kuzuia mzigo. Mkaguzi wa uhakikisho wa ubora anasimamia masharti aliyoyaweka mnunuzi. Malalamiko ya wakulima wakati wa janga la UVIKO-19, ambayo ndiyo ninayoyaeleza hapa, yanamhusu zaidi huyu wa mnunuzi.

Hiari yenye masharti

Mfumo mmoja unaojulikana sana duniani ni GLOBALG.A.P. Ulianzishwa mwaka 1997 na wenye maduka makubwa ya Ulaya ukiitwa EUREPGAP, ukabadili jina mwaka 2007. Hakuna bunge lililoutunga. Mkulima yuko huru kuukataa, ila mnunuzi naye yuko huru kutonunua mazao yake, na uhuru wa mkulima unaishia hapo.

Cheti hudumu miezi 12. Masharti yamepangwa kwa uzito: yale makubwa lazima yatimizwe yote, asilimia 100, na madogo yasipungue asilimia 95. Dosari ikionekana, mkulima aliyekwisha kuwa na cheti ana siku 28 za kuirekebisha na kuleta ushahidi, la sivyo cheti husimamishwa. Wakulima wadogo wanaweza kuungana wakapata cheti kimoja. Kikundi hujikagua chenyewe, mwanachama mmoja mmoja, kila mwaka. Kisha mkaguzi wa nje hutembelea sampuli isiyopungua kipeuo cha pili cha idadi yao. Kikundi cha watu 100 hutembelewa mashamba 10, na cheti cha watu 100 wote kinategemea yatakayoonekana katika hayo 10.

Ada ya ukaguzi, vipimo vya maabara, ghala la viuatilifu lenye kufuli, vyoo na mabomba ya kunawia: hayo yote huanzia mfukoni mwa mkulima. Bei ya mazao si lazima ipande kwa sababu ya cheti, kwa kuwa cheti humfungulia mlango tu. Tena shamba moja likiuza kwa wanunuzi watatu, linaweza kukaguliwa mara tatu kwa maswali yaleyale yaliyoandikwa kwa namna tofauti. Uchovu wa ukaguzi ulikuwepo muda mrefu kabla ya UVIKO-19, na asiyelijua hilo atadhani wakulima walikasirika ghafla.

Dharura ya aina mbili

Tunasema dharura ya afya ya umma kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mkulima ni vitu viwili vinavyokwenda kinyume, na nadhani hasira nyingi ilitokana na kuvichanganya.

Aina ya kwanza ni ile ambayo ugonjwa umo ndani ya chakula. Mei 2011, kaskazini mwa Ujerumani, watu walianza kuharisha damu na figo zao kushindwa kufanya kazi. Chanzo kilikuwa bakteria wa E. coli aina ya O104:H4. Kabla mlipuko haujaisha, karibu watu 4,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 50 wamefariki. Tarehe 26 Mei, maofisa wa Hamburg walitangaza kwamba matango kutoka Hispania ndiyo yanayoshukiwa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba bakteria waliokutwa kwenye matango hayo hawakuwa wale wanaoua watu. Lakini tangazo lilikuwa limekwisha kusambaa. Wanunuzi waliacha mboga za Hispania na za nchi jirani, Urusi ikafunga milango kwa mboga za Umoja wa Ulaya nzima, na wakulima wakaharibu mazao yasiyo na kosa lolote. Umoja wa Ulaya ulitenga fidia ya euro milioni 210, na wakulima wakasema haitoshi.

Kilichomaliza mkanganyiko ni kumbukumbu. Wachunguzi waliuliza wagonjwa walikula wapi na nini, wakafuata karatasi za mauzo kutoka mgahawa hadi msambazaji, kutoka msambazaji hadi shambani. Njia zote zikakutana kwenye shamba moja la jimbo la Lower Saxony, Ujerumani, lililokuwa likiotesha mbegu ili chipukizi zake ziliwe zikiwa changa. Tarehe 10 Juni matango yakasafishwa jina rasmi. Ufuatiliaji ukaendelea hadi kwenye shehena ya mbegu za uwatu kutoka Misri.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa makusudi. Mkulima anayejaza rejesta usiku akiwa amechoka anastahili kuambiwa rejesta hiyo ni ya nini. Katika dharura ya aina hii, mwenye kumbukumbu anaweza kuonyesha mzigo wake ulitoka wapi na ulikwenda wapi, na asiye nazo huhukumiwa pamoja na wenzake. Ukaguzi hapa ni sehemu ya tiba.

Aina ya pili ni ile ambayo ugonjwa umo ndani ya watu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Siku mbili kabla, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imesema hakuna ushahidi kwamba virusi hivyo vinaenea kwa chakula. Ziweke kauli hizo mbili pamoja: hatari haikuwa kwenye kreti la nyanya, ilikuwa kwenye pumzi ya mtu anayekuja kulikagua. Kutembelea shamba hakungepunguza maambukizi hata kwa mtu mmoja, na kungeweza kuyaongeza.

Wafugaji hawakuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliikumba Uingereza na wanyama zaidi ya milioni 6 wakachinjwa. Virusi vyake husafiri kwa viatu, magurudumu na nguo za watu wanaotoka zizi moja kwenda jingine. Tangu hapo mfugaji makini humwangalia kila mgeni langoni kama njia ya ugonjwa, na masharti ya uhakikisho wa ubora humtaka afanye hivyohivyo: aweke daftari la wageni, apunguze wanaoingia, na wanaoingia wanawe na kubadili viatu. Mkulima aliyemzuia mkaguzi mwezi Machi 2020 alikuwa akitekeleza sharti ambalo mkaguzi huyo angekuja kulikagua.

Kilichotokea 2020

Mifumo yenyewe iliona tatizo. Tarehe 18 Machi, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kusitisha ukaguzi wa kawaida wa ndani ya nchi. Tarehe 30 Machi, Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni namba 2020/466 iliyoruhusu kwa muda nakala za kielektroniki za hati na ukaguzi wa mbali. GFSI, mwavuli unaotambua mifumo mingi ya usalama wa chakula, iliruhusu vyeti viongezewe miezi 6. Red Tractor, mfumo wa uhakikisho wa ubora wa chakula wa Uingereza, ilisitisha ziara za mashambani.

Kwa nini basi watu waliendelea kulalamika?

Kwanza, kuongezewa muda si kusamehewa. Cheti kilichosogezwa mbele miezi 6 humkuta mkulima katika msimu mwingine, na msimu huo unaweza kuwa wa kuvuna, wakati ambao kila saa ina kazi yake. Pili, dunia iliyokuwa nje ya fomu ilikuwa imevunjika. Aprili 2020 migahawa, hoteli na shule zilikuwa zimefungwa, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Marekani na Uingereza walikuwa wakimwaga maziwa yaliyokosa mnunuzi. Wakulima wa mboga na matunda walikosa wavunaji kwa sababu mipaka ilikuwa imefungwa. Kumuuliza mtu rejesta ya joto la tangi la maziwa, asubuhi ambayo ameyamwaga maziwa ya tangi hilo, ni jambo linalouma hata kama swali lenyewe ni halali.

Halafu kuna suala la nyumba. Shamba, kwa wengi, ni makazi pia. Mkaguzi akiugua, shirika humtuma mwingine. Mfugaji akiugua, ng'ombe bado wanasubiri kukamuliwa alfajiri na jioni, na mwenye kujua zizi lile huenda ni yeye na mzazi wake mzee tu. Siku 14 za karantini zilikuwa na maana moja kwa mtu wa ofisi na maana nyingine kwa mtu mwenye mifugo.

Ukaguzi wa mbali

Suluhisho lililopendwa na mashirika lilikuwa ukaguzi wa mbali. Mkulima anapiga picha au kuskani rejesta zake na kuzipakia kwenye mfumo, mkaguzi anazisoma, kisha wanapigiana simu ya video na mkulima anatembea shambani akionyesha anachoambiwa aonyeshe.

Kwa sehemu ya karatasi, njia hii ni nzuri na naiunga mkono. Hakuna haja ya mtu kusafiri nusu siku ili asome daftari jikoni kwa mwenzake. Lakini ilihamisha kazi. Kabla ya hapo mkaguzi ndiye aliyepekua mafaili. Sasa mkulima ndiye aliyeyapanga, akayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, akayapa majina, akayapakia kwa bando lake, na mtandao ukikata anaanza upya. Mkulima mwenye karani alimaliza mchana mmoja. Anayefanya kila kitu peke yake alikesha.

Kamera pia huona inakoelekezwa tu. Mkaguzi mzuri hufanya kazi kwa pua na kwa kona ya jicho: harufu ya ghala, chupa iliyosukumwa nyuma ya mlango, mfanyakazi anayesita kabla ya kujibu. Mfanyakazi hawezi kuzungumza kwa uhuru na mkaguzi ikiwa simu imeshikwa na mwajiri wake. Hivyo mkulima mwaminifu alifanya kazi zaidi kuthibitisha uaminifu wake, na asiye mwaminifu akapata nafasi ya kuchagua kinachoonekana. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linawaumiza wakulima wazuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Siwezi kuwafuata wale waliotaka kila ukaguzi usimame mpaka janga liishe. Bakteria wa Salmonella na mabaki ya viuatilifu hayakusubiri. Msimu ule mashamba mengi yalikuwa na wavunaji wapya wasiojua siku za kusubiri baada ya kupiga dawa, na makosa huzaliwa katika hali kama hiyo. Ila wakulima walikuwa sahihi kabisa katika jambo moja: anayeuliza swali hakuwa akilipia jibu. Katika miaka ya kawaida gharama hiyo hufichika ndani ya ada na usiku wa kujaza rejesta. Janga liliitoa hadharani, likaongezea juu yake hatari ya kuugua.

Kuna njia ya kufanya kazi hii vizuri zaidi mlipuko mwingine ukija. Shamba lenye miaka kadhaa bila dosari kubwa liahirishiwe ziara, na lenye dosari za karibuni litembelewe mapema. Karatasi zitumwe, na wanunuzi wote wakubali zilezile badala ya kila mmoja kudai zake. Tarehe ipangwe na mkulima, mbali na mavuno. Mkaguzi aingie ghalani na shambani, asiingie nyumbani. Na daftari la wageni lianze naye: kabla hajauliza swali lake la kwanza, aandike shamba alilotoka, siku aliyokuwa huko, na kama ana homa.