Je, wajua kwa nini simba haitwi "plucky"?

Kamusi nyingi zitakuambia kwamba kivumishi cha Kiingereza "plucky" maana yake ni jasiri, mwenye moyo. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Ukiandika "the plucky general" ukidhani umemtukuza jenerali mwenye vifaru na majeshi, msomaji aliyekulia katika Kiingereza atashangaa, maana umemgeuza jenerali kuwa kijana mdogo anayepambana na majitu. Simba naye haitwi hivyo. Anayeitwa "plucky" ni paka anayemtunishia mgongo mbwa aliyemzidi kimo mara tatu.

Asili ya neno iko machinjioni. Kitenzi "pluck" ni kuchuma, kunyonyoa au kung'oa. Kutokana nacho ikapatikana nomino "pluck": moyo, ini na mapafu, vile vinavyong'olewa kwa pamoja mnyama akishachinjwa. Maana hiyo ingali hai. Maelekezo ya kupika haggis, chakula cha Uskoti, bado hutaja "sheep's pluck". Safari ya kutoka kwenye nyama hadi kwenye ushujaa haitamshangaza mzungumzaji wa Kiswahili, kwa kuwa nasi mtu jasiri tunasema ana moyo, na mwoga tunamwambia apige moyo konde. Katika Uingereza ya karne ya 18, "pluck" kwa maana ya ujasiri ilikuwa lugha ya mitaani na ya ulingo wa ndondi. Francis Grose aliiingiza katika kamusi yake ya maneno ya mitaani, iliyochapishwa London mwaka 1785. Kivumishi "plucky" kilifuata katika karne ya 19.

Fikiria ulingo huo. Bondia mkubwa akimwangusha mdogo, hakuna cha kueleza. Anayeangushwa akainuka, akaangushwa tena akainuka, ndiye anayewafanya watu waulize ana nini kifuani. Ujasiri wa "plucky" ni huo wa kupimwa dhidi ya kinachokuzidi. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji mwezi Agosti 1914, Waingereza walipenda kuiita "plucky little Belgium", yaani Ubelgiji ndogo yenye moyo. Neno "little" halikukaa pale kwa bahati. Hata usipoliandika, msomaji hulisikia ndani ya "plucky".

Kwa hiyo kabla ya kuliandika, jiulize kama unayemsifu anakabili kitu kilichomzidi nguvu, na kama ametenda jambo, maana kuvumilia tu hakutoshi. Kisha jiulize swali ambalo wengi hulisahau: je, atapenda kuonekana mdogo? Kipa wa timu ya daraja la chini aliyeokoa penalti tatu dhidi ya mabingwa anafaa kabisa: "The plucky goalkeeper saved three penalties." Wazima moto waliofia kazini hawafai. Kwenye rambirambi neno hili ni jepesi mno, na "brave" au "courageous" ndiyo yenye uzito unaostahili. Katika barua ya kumpendekeza mtu kazini pia liache, kwa sababu mwajiri atasoma kwamba uwezo ni mdogo ila bidii ipo; andika "determined". Na usimwite mtu "plucky" kwa sababu tu ana ulemavu na anaendesha maisha yake. Hapo unamtazama kutoka juu, na yeye atalisikia hilo kabla ya kusikia sifa.

Kisarufi halina taabu. Hukaa kabla ya nomino, au katika muundo huu unaofaa sana kwa maandishi ya kila siku: "It was plucky of her to complain." Katika kulinganisha, y hugeuka i: "pluckier", "pluckiest", kielezi ni "pluckily". Ukitaka nomino, "pluck" ina nguvu kuliko "pluckiness", kama katika "She showed real pluck." Kosa la mara kwa mara ni kusema "she plucked the courage". Msemo wenyewe ni "plucked up the courage", alijipa moyo, na ukiiondoa "up" unabaki na mtu anayechuma ujasiri kama embe.

Majirani wa neno hili nao wana tabia zao. "Spirited" ndilo salama zaidi, na hupendeza likielezea tendo: "a spirited defence", utetezi wa nguvu. Ila kwenye habari za michezo mara nyingi hudokeza kwamba waliosifiwa walishindwa. "Feisty", yaani mkali asiyekubali kuonewa, limetokana na jina la mbwa mdogo mwenye makelele huko Marekani, na hubandikwa zaidi wanawake na wazee. Wengi wao hawalipendi, na sioni sababu ya kuwalazimisha.

"Mettlesome" ndilo lenye mtego. Limetoka kwa "mettle", yaani moyo wa ujasiri na ustahimilivu, ambalo zamani lilikuwa neno moja na "metal". Enzi za Shakespeare tahajia hizo mbili zilibadilishana kiholela. Limezoeleka zaidi kwa farasi mwenye damu moto, na leo lina sura ya kitabuni. Karibu yake kabisa yuko "meddlesome", mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu, na katika matamshi ya Kimarekani maneno haya mawili husikika karibu sawa. Kikagua tahajia hakitakuokoa, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali. Ukitaka wazo hilo bila hatari hiyo, andika "she proved her mettle", kwa t mbili na e mwishoni. Ukiandika "metal" hapo, umesema amethibitisha chuma chake.