Umetoka tenisi? Acha kuomba raketi yenye nguvu

"Kocha, mimi nimecheza tenisi tangu shule ya upili. Nipe ile ndefu, nyembamba, yenye nguvu kuliko zote." Karibu kila mchezaji wa zamani wa tenisi anayekuja kwangu kutafuta raketi ya pikoboli, mchezo wa raketi ngumu isiyo na nyuzi na mpira wa plastiki wenye matundu, huanza hivyo. Nawaheshimu sana. Wengi ni wazee wangu waliolelewa kwenye viwanja vya udongo mwekundu vya klabu za hapa Nairobi, na fohendi zao bado zinatisha. Lakini ombi hilo limenichosha, kwa sababu linawapotezea pesa na mechi ambazo wangezishinda.

"Aliyetoka tenisi anahitaji raketi yenye nguvu"

Nguvu unayo tayari. Tenisi ilikufundisha kupiga kwa kiuno na bega, na ujuzi huo haukutoki kwa sababu umebadilisha mchezo. Kilichobadilika ni uwanja. Ule wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Wa pikoboli ni mita 13.4 kwa 6.1, sawasawa na wa badmintoni ya wawili wawili. Fohendi iliyokuwa ikitua ndani kabisa ya mstari, hapa inaishia kwenye waya wa uzio wa nyuma.

Halafu tuko Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na mpira wa plastiki wenye matundu hutegemea sana hewa kupungua kasi. Ukisoma ushauri wa raketi ulioandikwa Florida, kumbuka kwamba mwandishi anacheza karibu usawa wa bahari. Raketi aliyoiona ya wastani kule, huku utaiona kali.

Na pointi nyingi za wawili wawili huamuliwa jikoni, yaani eneo la karibu na wavu ambalo huruhusiwi kusimama na kuupiga mpira kabla haujadunda. Mkisimama wote kwenye mistari yenu ya jikoni, kati yako na mpinzani kuna mita nne na kidogo tu. Hakuna nafasi ya kurudisha mkono nyuma wala muda wa kufikiri. Hapo unahitaji mkono unaowahi na raketi inayoupokea mpira kwa utulivu. Raketi yenye unene wa milimita 13 au 14 huurudisha mpira haraka mno. Dinki yako, lile pigo laini la kuuangusha mpira jikoni kwa mpinzani, inapaa kidogo, na mwenzako alikuwa anasubiri hiyohiyo. Ya milimita 16 huutuliza, na hata usipoupata mpira katikati inakuvumilia. Ndiyo ninayompa mtu wa tenisi kwanza, na sibishani juu yake.

Mzee mmoja alikuja na raketi ndefu, nyembamba, aliyoletewa na mwanawe kutoka Marekani. Sevu zake zilikuwa moto. Lakini kila alipojaribu kuulaza jikoni mpira wa tatu, yaani pigo la tatu la pointi baada ya sevu na rudisho lake, ulielea juu ya wavu, ukarudi kwa smashi miguuni pake. Nikampa ya milimita 16, tukasimama jikoni, tukapigiana dinki tu, bila kuhesabu pointi. Mwanzoni vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye mpini. Taratibu vikalegea, na mpira ukaanza kudondoka upande wangu bila kuinuka. "Kumbe nilikuwa napigana nayo," akasema.

Wengine hunitajia Jack Sock, bingwa wa Wimbledon ya wawili wawili mwaka 2014 na 2018, aliyehamia pikoboli mwaka 2023. Sock analipwa kucheza na anafanya mazoezi kama kazi. Wewe unacheza Jumamosi asubuhi na labda Jumatano baada ya ofisi. Chagua raketi inayokusaidia kwa mazoezi uliyonayo.

Kitu kimoja cha tenisi ninakubali ukidai: mpini mrefu. Kama bekhendi yako ni ya mikono miwili, tafuta mpini wa sentimita 14 hivi, kwa sababu kwenye wa sentimita 12 mkono wa pili unakosa pa kukaa. Ila ujue gharama yake. Sheria inasema urefu wa raketi usizidi inchi 17, na urefu na upana vikijumlishwa visizidi inchi 24. Kwa hiyo raketi zilizorefushwa huwa zimepunguzwa upana, na mpini ukirefuka, uso wa kupigia unafupika. Kama bekhendi yako ni ya mkono mmoja, huna sababu ya kulipa gharama hiyo.

"Kiwiko kinaniuma, nipe nyepesi kabisa"

Raketi ya tenisi uliyozoea ina gramu 300 hivi. Nyingi za pikoboli ziko kati ya gramu 210 na 240, kwa hiyo zote utaziona nyepesi. Iliyo nyepesi kupita kiasi hujipinda mpira ukigonga pembeni, nawe unaikaba isizunguke, na kule kuikaba pointi baada ya pointi kunachosha misuli inayoshikana na kiwiko. Anza na gramu 220 hadi 230. Ukitaka itulie zaidi, bandika utepe wa tangsteni, metali nzito, pande zote mbili za kichwa, gramu mbili tatu kila upande, ucheze nayo kabla ya kuongeza. Uzito ni rahisi kuuongeza, lakini kiwandani walichokwisha kuweka hukiondoi. Na kama kiwiko kinauma hata ukiinua kikombe cha chai, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Raketi itangoja.

"Mpini uwe saizi ya ule wa tenisi"

Mipini mingi ya pikoboli ina mzingo wa inchi 4 hadi 4¼, na wanaume wengi wa tenisi wamezoea 4⅜. Nunua mwembamba, kisha uzungushie utepe wa gripu mpaka, ukiushika, kidole kimoja cha mkono mwingine kienee kati ya ncha za vidole na kiganja.

"Uso wa kaboni utanipa mzunguko kama nyuzi"

Hautakupa. Nyuzi za tenisi husogea na kurudi mahali pake, na kule kurudi ndiko kunakouzungusha mpira. Uso wa raketi ya pikoboli hausogei. Unaukwaruza mpira tu, na ukali wa uso huo una kikomo kisheria. Tena unalainika kadiri unavyocheza. Vumbi letu na mabaki ya plastiki yakijaa kwenye ukwaruzo huo, unateleza mapema zaidi, kwa hiyo usugue na kifutio cha mpira cha kusafishia kaboni. Anayetegemea topuspini, mzunguko wa mpira kwenda mbele, kuuangusha mpira ndani ajifunze kupunguza pigo.

"Ya bei kubwa ndiyo bora"

Raketi za juu Marekani huvuka dola 200, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mchezaji anayeanza, ya bei ya kati yenye kiini, yaani sehemu ya ndani, cha plastiki ya polipropilini cha milimita 16 inatosha. Ukiona jina kubwa linauzwa nusu bei kwenye simu na muuzaji anataka M-Pesa kabla hujaishika, achana nayo, maana raketi bandia ni nyingi. Azima ya mwenzako, cheza nayo mechi nzima, kisha ununue. Na ukishanunua, usiiache ndani ya gari juani mchana: joto hulegeza gundi kati ya uso na kiini, na ukianza kusikia mlio mtupu sehemu moja ya uso, hiyo raketi imekwisha.